Rehema, Uponyaji na Maombolezo katika Biblia ya Kiswahili

Maandiko ya Wakristo yalipoingia katika Kiswahili hayakukuta nyumba tupu. Kabla ya mmisionari wa kwanza kutua Mombasa, watu wa pwani walikuwa na maneno yao ya kumwomba Mungu, ya kumwuguza mgonjwa, ya kumpa mkono mfiwa na ya kumlilia maiti. Maneno hayo yalitoka pande mbili. Mengine yalitoka katika Kiarabu cha dini, yakapita chuoni na msikitini hata yakakaa katika vinywa vya watu wote. Mengine yalikuwa ya asili ya Kibantu, yakitumika jikoni, shambani, kitandani pa mgonjwa na matangani. Mfasiri wa Biblia hakuweza kuyapuuza. Alipaswa kuchagua, na kila alipochagua neno aliamua pia ni sehemu ipi ya maana ya Kiebrania au Kiyunani itakayosikika, na ni ipi itakayonyamaza.

Uchaguzi huo umejadiliwa sana kwa habari ya majina makubwa ya imani, kama vile nabii, kuhani na kanisa. Haukujadiliwa vya kutosha kwa habari ya maneno yanayomgusa mtu katika udhaifu wake: rehema, uponyaji na maombolezo. Hata hivyo ni katika maneno haya ndipo historia ya tafsiri huonekana waziwazi zaidi. Mara nyingine neno lililoshtakiwa kuwa ni la kigeni ndilo lililo ndugu wa karibu wa neno la Kiebrania; na mara nyingine neno la nyumbani, lililodhaniwa kuwa dogo mno kwa mambo matakatifu, limebeba fundisho ambalo neno la kuazima halikuweza kulibeba. Hakuna tafsiri iliyoshika yote mawili.

I. Wafasiri na walimu wao

Johann Ludwig Krapf alifika Unguja mwezi wa Januari 1844, na kabla ya katikati ya mwaka huo alikuwa amekwisha kukaa Mombasa. Mwezi wa Juni alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili lastahili kutazamwa vema. Mlango wa kwanza wa Maandiko kuingia katika Kiswahili ulifunguliwa na mkono wa mwanachuoni wa Kiislamu, tena mwenye hukumu ya sheria. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Krapf, Rosina, alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Kazi ya kufasiri ilianza, basi, katika nyumba ya matanga. Milango mitatu ya kwanza ya Mwanzo ilipigwa chapa huko Marekani mwaka wa 1847, katika jarida la chama cha wataalamu wa elimu ya Mashariki. Na kamusi kubwa ya Krapf ilitoka London mwaka wa 1882, baada ya kifo chake.

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer, alifuata njia iyo hiyo ya kuuliza wenyeji wenye elimu. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha mwaka wa 1870 ameeleza habari ya mwanachuoni mmoja, Sheikh Abdul Aziz, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora na safi kabisa. Steere aliona baadaye kwamba lugha ya Sheikh ilikuwa ya juu mno, haieleweki kwa watu wa kawaida, akaiacha. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba miongoni mwa watu wa kwanza waliojaribu kuziweka Zaburi katika Kiswahili, yaani vilio vya Daudi na vya mateka wa Babeli, alikuwamo Mwislamu aliyeziheshimu kwa kuwa ni Zaburi.

Lakini watu ambao Steere aliwaandikia hawakuwa wanachuoni. Wafuasi wa kwanza wa misheni ya Unguja walikuwa hasa watumwa waliokombolewa majini. Wavulana watano wa kwanza, ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka wa 1864, walitwaliwa katika jahazi la watumwa; mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka wa 1879. Walitoka bara, Nyasa na Uyao na kwingineko, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza, tena lugha ya mji waliouzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa mahali pale pale. Zaburi ya 137, wimbo wa mateka walioambiwa na waliowateka waimbe, ilisomwa katika Kiswahili na watu waliojua kwa miili yao jambo linalosemwa. Kwao swali la neno gani litumike kwa rehema, au kwa kilio, halikuwa swali la kamusi tu.

Kazi ya Steere ilikamilishwa na wengine baada ya kufa kwake mwaka wa 1882, na Biblia nzima kwa lahaja ya Kiunguja ikapatikana mwaka wa 1891. Huko Mombasa, W. E. Taylor wa misheni ya CMS alifasiri sehemu za Maandiko kwa Kimvita, na baada ya kazi ya wenzake Biblia ya Kimvita ilitoka mwaka wa 1914. Karl Roehl, Mjerumani, alitoa Agano Jipya mwaka wa 1930 na Biblia nzima mwaka wa 1937. Mwisho, baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu mwaka wa 1928, kamati ya misheni mbalimbali chini ya uongozi wa A. B. Hellier ilitayarisha tafsiri ya muungano: Agano Jipya mwaka wa 1950 na Biblia nzima mwaka wa 1952. Hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote.

II. Rehema

Katika Kiebrania yako maneno matatu ambayo tafsiri za Ulaya huyachanganya mara kwa mara. La kwanza ni kitenzi *hanan*, kumfadhili mtu asiyestahili, kama mkubwa amwinamiavyo mdogo. La pili ni *hesed*, upendo wenye uaminifu, wa mtu aliyefunga agano na halivunji. La tatu ni *rahamim*, na hili ndilo linalohusu Kiswahili zaidi. Latokana na shina lenye konsonanti tatu, r-h-m, ambalo ndani ya Kiebrania hicho hicho hutoa neno *rehem*, tumbo la uzazi. Kwa hiyo *rahamim* ni huruma ya mama kwa mtoto aliyemchukua mimba. Ni jambo la mwili kwanza, kisha la moyo.

Shina hili si la Kiebrania peke yake. Limo pia katika Kiarabu, ambako latoa *rahma*, na yale majina mawili ya Mungu yanayotajwa mwanzoni mwa sura za Kurani. Na katika Kiarabu nako tumbo la uzazi na udugu wa damu hutajwa kwa shina lilo hilo. Kutoka huko Kiswahili kilipata *rehema*, *rehemu*, *rahimu* na *marehemu*. Basi mfasiri aliyeandika *rehema* mahali pa *rahamim* hakuazima neno la dini nyingine kwa kukosa lake. Alitumia neno ambalo kwa asili ni ndugu wa tumbo moja na lile alilokuwa akilifasiri. Kiingereza na Kijerumani hazina neno la namna hii. Kiswahili kilikuwa nalo karne nyingi kabla Krapf hajaja.

Tena Kiswahili kimefanya kwa neno hili jambo ambalo Kiebrania cha Maandiko hakikufanya. *Marehemu* kwa muundo wake wa Kiarabu ni mtu aliyerehemiwa. Kila atamkapo neno hili mbele ya jina la mfu, msemaji wa Kiswahili anatamka dua ndogo, ajue asijue: kwamba Mungu amekwisha kumrehemu, au na amrehemu. Wakristo walilipokea neno hili bila ubishi, na latumika leo katika matangazo ya misiba ya makanisa yote. Hivyo katika neno moja la kila siku rehema na msiba vimekaa pamoja.

Tafsiri ya 1952 yaonyesha jinsi wafasiri walivyojitahidi kutenga yale maneno matatu, na jinsi yalivyowaponyoka. Mwanzo wa Zaburi ya 51, Zaburi ya toba, una maneno yote matatu kwa mfululizo katika Kiebrania. Tafsiri yasema *unirehemu* kwa *hanan*, *fadhili* kwa *hesed*, na *rehema* kwa *rahamim*. *Fadhili* limefaa sana, kwa maana lina sauti ya wema unaozidi haki, na ndilo linalorudi katika kiitikio cha Zaburi ya 136. Lakini *hanan* na *rahamim*, maneno yasiyo na shina moja katika Kiebrania, yamefungwa pamoja katika Kiswahili. Msomaji husikia mwangwi ambao mtunga Zaburi hakuuweka. Hili si kosa la kulaumiwa. Lugha zote hufanya hivyo. Lakini ni alama kwamba *rehema* lilikuwa neno lenye nguvu sana katika Kiswahili cha ibada, hata likavuta kwake kazi za majirani zake.

Juu ya maneno ya namna hii ndipo ulipozuka ubishi wa miaka ya 1930 na 1931. Roehl, katika jarida la *Africa*, alishikilia kwamba Kiswahili kilikuwa kimelemewa na Kiarabu, kwamba maneno hayo yalichukua ndani yake mawazo ya Kiislamu, na kwamba watu wa bara wangefahamu Maandiko vizuri zaidi kwa maneno ya Kibantu. Katika Biblia yake nabii aliitwa mfumbuaji, na kuhani akaitwa mtambikaji. G. W. Broomfield wa misheni ya UMCA alimjibu katika jarida lilo hilo kwamba maneno yaliyokwisha kuzoewa na wasemaji wenyewe si ya kigeni tena, na kwamba kuyang'oa ni kuiharibu lugha.

Kwa habari ya rehema, hoja ya Broomfield ina nguvu kuliko alivyoieleza. Si kwamba neno limezoewa tu. Ni kwamba kulitupa kungekata uzi unaofunga Kiswahili na Kiebrania. Lakini haki yataka Roehl naye asikilizwe. Katika Zaburi ya 136, mahali ambapo wengine wameweka *fadhili*, yeye ameweka *upole*. Kwa msomaji wa haraka neno hilo laonekana dogo. Upole ni tabia ya mtu asiye na ukali. Lakini shina lake ni *pole*, neno ambalo Mswahili humwambia mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa njiani, aliyeunguliwa na nyumba na aliyechoka kwa safari. Anayesema pole hatoi msaada wowote wa mkono. Ametoa ushirika wake tu, amekubali kwamba taabu ya mwenzake ni taabu. Kuweka neno la ukoo huo katika kiitikio kinachorudiwa mara 26 ni kusema kwamba Mungu wa Israeli, katika kuumba na katika kuokoa, alikuwa akiwaambia watu wake pole tangu kale. Hilo halimo katika *fadhili*, wala halimo katika *rehema*.

III. Uponyaji

Katika uponyaji njia ni nyingine, kwa kuwa hapa maneno ya Kibantu ndiyo yaliyotawala tangu mwanzo. Kiswahili kina *pona* na *ponya*, na kando yake *poa* na *poza*. Uji hupoa, na ugonjwa hupoa. Mtu hupoza chai, na mganga hupoza maradhi. Mawazo ya watu wengi wa Afrika ya Mashariki juu ya ugonjwa yamo katika maneno haya: ugonjwa ni moto, hasira na ghasia, na afya ni ubaridi na utulivu. Aidha *pona* hutumika kwa mtu aliyenusurika na hatari isiyo ya ugonjwa, kama vile vita au kuzama. Katika kitenzi hiki, afya na wokovu vimekaribiana tangu asili.

Hali iyo hiyo imo katika Kiyunani cha Agano Jipya. Kitenzi *sozo* huweza kumaanisha kuponya mwili, na huweza kumaanisha kuokoa mtu mzima. Bwana Yesu humwambia mtu kwamba imani yake imemfanyia jambo hili, na Kiyunani hakibadiliki. Tafsiri ya 1952 ililazimika kuamua kila mara. Kwa mwanamke mwenye kutoka damu, katika Marko 5, imeandika *imekuponya*. Kwa mwanamke mwenye dhambi katika nyumba ya Farisayo, katika Luka 7, imeandika *imekuokoa*, kwa kuwa pale hapana ugonjwa ila dhambi. Hapo uamuzi ni rahisi.

Ugumu uko katika habari ya wakoma kumi, Luka 17. Wanasimama mbali na kulia wakiomba rehema. Wanakwenda kujionyesha kwa makuhani, na njiani *wanatakasika*. Mmoja aona kwamba *amepona*, arudi akimtukuza Mungu. Naye ni Msamaria. Mwishoni aambiwa neno la *sozo*, na hapa wafasiri hawakusema tena kuponya, bali *imekuokoa*. Kwa uchaguzi huo wamefanya ufafanuzi ndani ya tafsiri. Wote kumi walitakasika. Wa kumi, mgeni aliyerudi, alipewa zaidi ya ngozi safi. Kiyunani chaacha mlango wazi kwa maana zote mbili. Kiswahili kimechagua moja, na kimechagua vema, kwa maana habari yenyewe yaelekea huko. Lakini msomaji wa Kiswahili peke yake hawezi kujua kwamba mwanamke wa Marko 5 na Msamaria wa Luka 17 waliambiwa neno lilo hilo.

Jambo lingine la kutazamwa ni jina la mwenye kuponya. Tafsiri ya 1952 humwita *tabibu*, katika swali la Yeremia juu ya zeri ya Gileadi na katika maneno ya Yesu juu ya wagonjwa wanaohitaji mtu wa kuwatibu. Luka naye ni tabibu. Neno la kawaida la wakati huo, mganga, halikuwekwa mahali hapo. Mganga alikuwa mtu wa dawa za miti, lakini pia wa ramli, hirizi na kupunga pepo, na Wakristo wengi walikuwa wamefundishwa kumwacha. *Tabibu* lilikuwa safi na la heshima, nalo lilitoka katika Kiarabu cha vitabu vya utabibu. Faida yake yaonekana wazi. Hasara yake ni kwamba Mungu mponyaji wa Maandiko alipewa cheo cha mtu wa mjini mwenye vitabu, si cha yule ambaye watu wa kijijini walimwendea usiku na mgonjwa mabegani.

Mfano mkubwa kuliko yote katika sehemu hii, hata hivyo, hauko katika habari za wagonjwa. Uko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 25, penye kifuniko cha dhahabu kilichowekwa juu ya sanduku la agano. Kiebrania hukiita *kapporet*, neno la ukoo wa *kipper*, kufanya upatanisho. Luther alikifasiri kuwa kiti cha neema. Tyndale akafuata kwa Kiingereza. Na kwa njia hiyo Kiswahili cha 1952 kikapata *kiti cha rehema*. Maneno hayo ni mazuri, lakini yametoka Ulaya. Katika Kiswahili lilikuwako tayari neno *kafara*, lililopita katika Kiarabu, la shina moja na la Kiebrania, lenye maana ya sadaka ya kuondoa balaa. Halikuwekwa mahali hapa. Pengine desturi zilizoambatana nalo pwani zilikuwa kikwazo.

Roehl aliandika *Kiti cha Upozi*. Hapa mtu aliyelaumiwa kwa kubuni maneno amefanya kazi ya mshairi. Kwa neno *upozi* dhambi imekuwa moto unaotaka kupozwa, na jeraha linalotaka kutibiwa. Hasira na homa zimekuwa jambo moja, na mahali patakatifu pa patakatifu pamekuwa mahali pa ubaridi. Rehema na uponyaji, mambo mawili ambayo tafsiri nyingine zimeyaweka katika vyumba viwili, yameunganishwa na Roehl kwa kitenzi kimoja cha jikoni. Neno halikuenea, kwa kuwa Biblia yake haikuenea baada ya 1952. Lakini kwa mtu anayechunguza uwezo wa Kiswahili, ni ushahidi kwamba lugha ilikuwa na njia ya kusema jambo hili bila kupita Wittenberg.

IV. Maombolezo

Kitabu kidogo kiitwacho Maombolezo kilitungwa baada ya Yerusalemu kuangushwa na Wababeli, yapata mwaka wa 586 kabla ya Kristo. Kina mashairi matano. Manne ya kwanza yamefuata herufi 22 za Kiebrania kwa taratibu. La tatu, ambalo ni kiini cha kitabu, limeipa kila herufi beti tatu, yaani beti 66. La tano lina beti 22, lakini limeacha taratibu ya herufi, kana kwamba mlizi amechoka. Katika mashairi mengi ya kitabu mstari wa kwanza ni mrefu na wa pili ni mfupi, kama pumzi inayokatika.

Neno *maombolezo* lilifaa. Muundo wake waonekana kutokana na *omba*, na hivyo lachukua kilio pamoja na ombi. Ni la matangani, ni la Kibantu, na halina ubishi. Lakini tafsiri haikuweza kuchukua ufundi wa herufi. Jambo hili ni la kuhuzunisha zaidi kwa kuwa washairi wa Kiswahili waliujua ufundi huo. *Dura Mandhuma* ya Umar bin Amin wa Siu imefuata herufi za Kiarabu kwa taratibu. Hata maudhui hayakuwa mageni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa amekwisha kutunga *Al-Inkishafi*, akitazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na watumishi, sasa yakikaliwa na popo na ndege. Taylor, mfasiri wa Kimvita, alilifanyia kazi shairi hilo, na matini yake pamoja na tafsiri vilitolewa katika kitabu cha Stigand mwaka wa 1915. Mtu mmoja, basi, alishika mikononi mwake Maandiko na kilio cha Pate. Hata hivyo mikondo hiyo miwili haikuungana: Biblia ya Kiswahili ilifasiriwa kwa nathari, na mashairi yake yakapoteza mizani na vina ambavyo lugha ilikuwa tayari kuvitoa.

Tofauti moja kubwa ya mawazo nayo yapasa kutajwa. Mtungaji wa *Al-Inkishafi* huuonya moyo wake mwenyewe: magofu ni fundisho la kuiacha dunia. Mlizi wa Maombolezo humshtaki Mungu mbele ya Mungu. Vivyo hivyo katika habari za Ayubu. Pwani ilimjua Ayubu kabla ya Biblia. Utenzi wake, uliochapishwa na Alice Werner kati ya 1921 na 1923, wamsifu kwa subira. Ayubu wa Maandiko ana subira katika sura mbili za kwanza, kisha kuanzia sura ya tatu hulaani siku aliyozaliwa na kumtaka Mungu aje barazani kujibu. Zaburi nyingi zasema kwa namna iyo hiyo, na Zaburi ya 88 yaishia gizani bila faraja yoyote. Kwa hiyo kitu kigeni katika Biblia ya Kiswahili hakikuwa msamiati wa kulia, ambao lugha ilikuwa nao tele. Kilikuwa ruhusa ya kulalamika mbele za Mungu, na kulalamika huko kuhesabiwe kuwa ni ibada. Kwa wale waliotolewa majahazini ruhusa hiyo haikuwa ndogo.

Katikati ya shairi la tatu, ubeti wa 22, penye herufi ya *heth*, kilio chageuka. Neno la kwanza la ubeti ni *hesed*, ambalo huanza kwa herufi hiyo, na baada yake hufuata *rahamim*. Tafsiri ya 1952 imeweka *huruma* kwa la kwanza na *rehema* kwa la pili. Msomaji aliyezoea *fadhili* katika Zaburi ya 136 hatatambua kwamba hapa, katikati ya majivu, limetajwa neno lilo hilo la agano.

Tena kuna jambo lililo zito zaidi. Katika shairi la nne, ubeti wa 10, mlizi aeleza njaa ya mji uliozingirwa: wanawake wamewapika watoto wao. Awaita wanawake hao kwa sifa ya shina r-h-m, wenye moyo wa tumbo la uzazi. Sikio la Kiebrania lasikia mara moja kwamba *rahamim* zisizokoma za sura ya tatu, na wanawake wenye *rahamim* wa sura ya nne, ni neno moja. Na hapo ndipo swali la kitabu kizima lilipo. Ikiwa huruma ya mama yaweza kukomeshwa na njaa, je, ya Mungu yaweza kukomeshwa na nini? Kiswahili cha 1952 kimewaita wanawake hao *wenye huruma*, na rehema za Mungu zimebaki *rehema*. Maneno yote mawili ni sahihi. Lakini swali limepotea katikati yake. Shina lilikuwako katika Kiswahili, lakini halikutumika mara ya pili.

Kitabu hakitoi jibu. Ubeti wa mwisho wauliza kama Mungu amewakataa watu wake kabisa, na desturi ya Wayahudi, wanapokisoma siku ya tisa ya mwezi wa Av, ni kuurudia ubeti uliotangulia ili wasiishie hapo. Uponyaji haujafika. Rehema imetajwa, lakini haijaonekana. Kilio chenyewe ndicho kinachoshika nafasi yake.

V. Baada ya 1952

Tafsiri zilizofuata zimeendeleza mwendo huu. Agano Jipya la *Habari Njema*, lililotayarishwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, lilitoka mwaka wa 1977, na Biblia nzima katika miaka ya 1990. Katika Maombolezo 3 tafsiri hii imerudisha *fadhili* mahali pa *hesed*, na hivyo imefunga tena ubeti ule na Zaburi ya 136. Lakini *rahamim* imekuwa *huruma*, na katika Zaburi ya 51 mwenye kutubu husema *unihurumie*. Vivyo hivyo katika Misa ya Kikatoliki ya Kiswahili, Bwana huombwa kwa neno *utuhurumie*. *Huruma* ni neno la karibu zaidi na moyo wa msemaji wa leo. *Rehema* linaelekea kubaki katika nyimbo, katika majina ya watoto na katika dua za zamani. Jambo lililotakiwa na Roehl kwa ubishi, yaani Kiswahili cha ibada kilichopungukiwa na neno hili, linatokea polepole kwa njia ya matumizi, wala si kwa sababu alizozitoa.

Wanaotayarisha tafsiri mpya wana mambo matatu ya kupima katika historia hii. La kwanza, asili ya Kiarabu si sababu ya kulikataa neno katika Maandiko ya Kiebrania. Mara nyingi ni sababu ya kulishika. La pili, maneno ya Kibantu ya taabu na faraja, kama *pole*, *poza* na *omboleza*, yana elimu ya dini ndani yake ambayo haijachimbwa yote. La tatu, neno moja la asili likifasiriwa kwa maneno mawili, au mawili kwa moja, si sarufi tu inayobadilika. Swali ambalo mtunzi alimwuliza Mungu laweza kunyamazishwa bila mtu kukusudia.

Kadhi wa Mombasa na Sheikh Abdul Aziz wa Unguja hawakuwa Wakristo, wala hawakutaka kuwa. Lakini walimpa mfasiri lugha ambayo rehema ilikuwa na shina lake la kale. Waganga na walizi wa matangani, ambao hakuna dibaji iliyowataja kwa majina, walimpa kupoza na kuomboleza. Biblia ya Kiswahili imejengwa kwa mikono ya wote hao, na msomaji anayetaka kuyasikia Maandiko kwa ukamilifu katika lugha hii hana budi kuwasikiliza pande zote mbili.